Akses pointi ya ukutani: anza na umeme, ukuta baadaye

Kila juma napokea simu ya namna ileile. "Fundi, nimenunua ile antena ya waifai ya duara, nimefungua katoni, sioni chaja. Wameniibia?" Hapana, hawajakuibia. Mwingine anauliza kwa nini taa inawaka mchana na usiku inazima. Mwingine tena ameshatoboa ukuta wa sebule, ameshafunga, ndipo anagundua kebo imepungua mita mbili. Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo nayaandika yote mara moja. Ukiniuliza tena nitakutumia hii.

Kwanza tuelewane. Akses pointi, yaani hiyo antena ya duara, ambayo hapa chini nitaiita AP, haileti intaneti. Inachukua intaneti iliyopo kwenye ruta yako, modemu ya laini ya simu au sahani ya setilaiti, na kuitawanya hewani. Na AP nyingi za ukutani hazina tundu la chaja, kwa sababu zinakula umeme kupitia kebo ileile ya mtandao. Utaratibu huo unaitwa PoE. Katika mji kama huu wetu wa Bukavu, ambamo umeme unaondoka bila kuaga, kazi kubwa iko hapo kwenye umeme. Kukaza skrubu mbili ukutani ni robo saa.

Viwe mkononi kabla hujapanda ngazi

- AP yenyewe, pamoja na kibao chake cha kufungia.
- Injekta ya PoE, kisanduku kinachoingiza umeme ndani ya kebo ya mtandao (au swichi ya PoE), inayolingana na AP. Nitaeleza "inayolingana" maana yake nini.
- Kebo ya mtandao ya Cat5e au Cat6, ya shaba tupu. Pima njia yote kwa kamba, kisha ongeza mita tatu.
- Kebo fupi ya kutoka ruta hadi injekta.
- Vichwa vya RJ45. Nunua kumi. Kama ni mara yako ya kwanza, vinne utaviharibu.
- Pensi ya kubania vichwa, na kipima kebo chenye taa nane.
- Mashine ya kutoboa, meshi (ncha ya kutobolea) ya simiti ya milimita 6, skrubu na vishikizio vyake vya plastiki.
- Penseli, pimamaji, ngazi, na mtu wa kuishika ngazi. Huyo wa mwisho si pambo.
- Stabilizatere (kifaa kinachotuliza volti za umeme wa mji), na batri kama unataka waifai iendelee umeme ukienda.

Hatua ya 1: Geuza AP, usome mgongo wake

Kuna maandishi madogo pale, yasome kwa tochi ya simu. Unatafuta jibu la swali moja: inataka umeme gani?

Ikiandikwa 802.3af, inataka PoE ya kawaida ya volti 48 hivi. Injekta hiyo inatoa hadi wati 15.4, na baada ya kupotea njiani zinafika karibu 13. Ikiandikwa 802.3at, ni kaka yake mkubwa, inatoa hadi wati 30. AP ya af ukiichomeka kwenye injekta ya at, hakuna shida. Kinyume chake, AP ya at kwenye injekta ya af, inaweza kuwaka halafu ikajizima watu wakizidi, au isiwake kabisa.

Ikiandikwa 24 V pasivu, hapo simama kidogo. Hizi mbili za kwanza zina adabu: injekta inauliza kwanza kama upande wa pili kuna kifaa cha PoE, na isipojibiwa haitoi umeme. Ile ya pasivu haiulizi mtu. Ukichomeka tu, volti 24 zinakwenda, awe ni nani aliyeko upande wa pili.

Hili nalijua kwa fedha zangu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kwenye nyumba moja upande wa Nguba, nilichukua kompyuta ya mteja nikaichomeka kwenye tundu la POE la injekta ya 24 V, nikidhani ni lile la LAN, la mtandao mtupu. Matundu yale yanafanana na yamekaa sentimita moja moja. Hakukuwa na moshi wala harufu, ila tundu la mtandao la ile kompyuta halikufanya kazi tena. Muze mwenye nyumba hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akaniambia, "Mwanangu, utaitengeneza." Niliitengeneza.

Tangu siku hiyo, tundu la POE la kila injekta ninayofunga nalipaka alama nyekundu kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Nakushauri ufanye hivyohivyo.

Hatua ya 2: Tafuta mahali bila kutoboa

Ifunge AP kwa gundi ya karatasi kwenye mti wa fagio, uiwashe kwa kebo ndefu ya muda, mtoto aishike juu pale unapofikiria. Wewe zunguka nyumba na simu. Kuna programu za bure zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwenye -65 au karibu zaidi na sifuri, hali ni nzuri. Ikishuka -75, simu za zamani zitaanza kukatika. Zunguka hadi chumba cha mwisho, funga mlango, soma tena. Ni dakika ishirini zitakazokuokolea matundu matatu ukutani.

Mambo ya nyumba zetu:

Ukuta wa mbao hausumbui mawimbi sana. Matofali ya kuchoma yanasumbua, na ukuta mnene wa mawe unasumbua zaidi, hasa kwa mawimbi ya 5 GHz. Bati ni kioo kwa mawimbi, yanagonga na kurudi, kwa hiyo usiifiche AP juu ya dari chini ya mabati ukitarajia miujiza. Tanki la maji, friji na kioo kikubwa cha kabati navyo ni maadui.

Halafu kuna mlima. Kule Kadutu, au kwenye miteremko ya Panzi, bati la jirani wa chini liko usawa wa miguu yako. AP nyingi za duara zilitengenezwa kwa dari, zinatupa mawimbi mbele ya uso wao. Ukiifunga ukutani, uso unatazama upande mmoja. Ukiielekeza kwenye bonde, umemfungia jirani waifai na wewe umebaki na mgongo. Uso uelekee ndani ya nyumba, mgongo uwe kwa mteremko.

Urefu: mita 2.2 hadi 2.5 kutoka sakafuni. Chini ya hapo watoto wanaifikia na kabati zinaiziba.

Hatua ya 3: Panga umeme utatoka wapi

Injekta inakaa karibu na ruta, si karibu na AP. Watu wengi wanakosea hapa. Wanavuta ralonji (kebo ya kurefusha umeme) hadi chini ya AP na kuning'iniza injekta ukutani kama popo. Faida yote ya PoE ni kwamba ruta, injekta na batri vinakaa pamoja kwenye kona moja kavu, na kinachopanda juu ni kebo moja tu.

Sasa piga hesabu. Chukua AP ya wati 10, ruta ya wati 8, na kinachopotea kwenye injekta wati 4. Jumla 22. Batri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 ina 1,200 Wh (wati-saa), lakini kama ni ya asidi usiinywe zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Zinabaki 600 Wh. Gawanya kwa 22, unapata kama saa 27.

Lakini ukipitisha kwenye ondulere (inveta) kubwa ya nyumba, ile inayobeba televisheni na friji, yenyewe inakula wati 10 hadi 20 hata isipobeba kitu. Saa 27 zinakuwa 15 hivi. Unatoa volti 12 kwenye batri, unazipandisha kuwa 220, kisha chaja ya ruta inazirudisha tena kuwa 12. Ni kama kutoka Nyawera kwenda Essence kwa kuzungukia Bagira. Kwa hiyo ukiweza, tafuta injekta ya DC, ile inayochukua 12 V moja kwa moja kutoka batri na kuipandisha kuwa 48. Na ruta yako, kama chaja yake imeandikwa 12 V, ipe umeme kutoka batri hiyohiyo kupitia kifaa kidogo kinachotuliza volti, kwa sababu batri ikichajiwa na sola inapanda hadi volti 14 na zaidi.

Vile visanduku vidogo vyeupe vya akiba ya umeme, vyenye matundu ya 5, 9 na 12 V na tundu moja la PoE, ni vizuri kwa ruta. Ila soma lile tundu la PoE: mara nyingi ni 15 V au 24 V pasivu. Haliwezi kuamsha AP ya 802.3af. Watu wananirudishia AP nzima wakisema imekufa, kumbe haijawahi kula.

Na kama unatumia umeme wa mji tu, weka stabilizatere. Hatari haiko wakati umeme unaondoka, iko wakati unarudi. Ukiona umekatika, chomoa prizi. Ukirudi, ngoja dakika tano ndipo uchomeke.

Neno moja kuhusu arthi, waya wa kuteremsha umeme unaovuja hadi ardhini. Prizi yako inaweza kuwa na ile pini iliyochomoza, lakini katika nyumba nyingi nilizofungua, nyuma ya pini hakuna waya. Pini peke yake haiteremshi kitu ardhini. Usidanganywe na fundi atakayeiunganisha na waya wa nyutro ili "iwe na arthi". Siku nyutro itakapokatika, kila chuma kilichounganishwa na ile pini kitakuwa na volti 220.

Hatua ya 4: Vuta kebo

Kabla ya kununua, omba muuzaji akukatie kipande cha kidole. Chuna waya mmoja, uparuze kwa kisu. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukitoa weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na hiyo ni nyingi sokoni kwa sababu ni nyepesi na rahisi. Kwa mtandao mtupu inaweza kupita. Kwa PoE inakula volti njiani, inapata joto, na inavunjika ukiikunja mara tatu.

Mwisho wa safari ni mita 100, kwa kanuni. Kwa 24 V pasivu mimi sivuki 50, kwa sababu volti chache zikipotea njiani zinaonekana haraka.

Usiifunge pamoja na nyaya za umeme. Acha sentimita 20 au zaidi, na kama lazima zikutane, zipishane kama msalaba. Ikipita nje, tumia kebo nyeusi ya nje, na kabla ya kuingia kwenye tundu la ukuta iache ishuke kidogo chini ya tundu halafu ipande. Maji ya mvua yatadondokea pale chini. Bila huo mkunjo mvua ya Aprili itafuata kebo hadi ndani ya AP. Nimewahi kufungua moja ikatoa maji kijiko kizima.

Radi. Utafiti wa setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, hapa tunapopakana, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Hatuishi mahali pa kufanya mzaha. Usivute kebo ya shaba kutoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine angani kama kamba ya nguo. Kama ni lazima kuunganisha nyumba mbili, tumia faiba au antena mbili zinazotazamana. Na ngurumo zikianza, chomoa prizi na kebo inayotoka nje, zote mbili. Kuchomoa prizi peke yake kunaacha mlango wa pili wazi.

Hatua ya 5: Bana vichwa

Chuna ganda la nje sentimita mbili, bila kugusa nyaya za ndani. Fungua jozi nne, uzinyooshe kwa kuzivuta kati ya kidole gumba na cha shahada hadi zitii. Zipange hivi, kishikizo cha kichwa kikiwa chini na matundu ya nyaya yakikutazama, kutoka kushoto:

nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Zikate zote sawa, zibaki milimita 13 hivi. Sukuma hadi uone ncha nane za shaba zimegonga mwisho wa plastiki. Tazama kwa mbele, si kwa juu. Ganda la nje nalo liingie ndani ya kichwa, maana ndilo linalobanwa na kushika uzito. Kisha bana kwa nguvu hadi pensi iachie yenyewe.

Upande wa pili fanya hivyohivyo, pima. Taa nane ziwake kwa zamu, 1 hadi 8. Kipima hakichomekwi kwenye kebo iliyounganishwa na injekta, kitaungua.

Kuna mafundi wa zamani wanaobana nyaya nne tu, "zinatosha". Kwa mtandao wa Mb 100 ni kweli. Lakini injekta nyingi za pasivu zinapitisha umeme kwenye buluu na kahawia, zilezile walizoziacha.

Hatua ya 6: Toboa na ufunge

Weka kibao ukutani, pimamaji juu yake, tia alama kwa penseli. Angalia prizi na swichi zilizo karibu. Nyaya za umeme kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka hapo, kwa hiyo usitoboe juu ya mstari huo. Zima umeme kwenye kisanduku kikuu kama una shaka, utoboe kwa mashine ya batri.

Kwenye tofali la kuchoma, anza bila kugonga. Tofali zetu nyingine ni laini, ukigonga mara moja tundu linakuwa kopo. Kwenye ukuta wa mbao tafuta mti wa kati, sauti itakuambia: pakigongwa pakalia "tu-tu" ni wazi, pakalia "ko-ko" kuna mti. Mbao yenyewe ni nyembamba mno.

Pitisha kebo kwanza, funga kibao, chomeka kebo kwenye AP hadi isikike "tik", kisha izungushe AP ikae kwenye kibao. Acha kebo ya akiba kidogo nyuma. Ipo siku utabana kichwa upya.

Hatua ya 7: Washa kwa utaratibu

1. Kebo fupi: kutoka tundu la LAN la ruta hadi tundu la LAN la injekta. Kwenye injekta nyingine limeandikwa DATA IN.
2. Kebo ndefu ya AP: kwenye tundu la POE, lile lenye rangi ya kucha.
3. Angalia tena moja na mbili.
4. Mwisho kabisa, chomeka injekta kwenye umeme.

Ngoja dakika mbili au tatu. Taa ikicheza-cheza inaamka, usiichomoe.

Hatua ya 8: Mipangilio

Hapa napita haraka, kila kampuni ina programu yake ya simu inayokuongoza. Badilisha neno la siri la msimamizi. Chagua usalama wa WPA2 au WPA3. Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11, upana wa MHz 20, kwa sababu waifai za Ibanda nzima ziko hewani. Na hakikisha AP iko katika hali ya akses pointi, si ya ruta, la sivyo vifaa viwili vitagombania kugawa anwani.

Ikikataa

*Haiwaki kabisa.* Ijaribu kwa kebo fupi iliyotoka dukani, mezani, karibu na injekta. Ikiwaka, kosa ni kebo yako au vichwa vyako. Isipowaka, rudi Hatua ya 1, injekta hailingani. Ukiona volti zimeandikwa sawa, angalia kama umebadilisha POE na LAN.

*Inawaka, inazima, inawaka.* Ina njaa. Kebo ya alumini, njia ndefu mno, au injekta dhaifu. Ikitokea jioni tu, pima volti za prizi: saa mbili usiku, mtaa mzima ukipika, 220 inaweza kushuka sana na injekta ikashindwa.

*Inazima usiku wakati batri ipo.* Ondulere nyingine zina hali ya kusinzia: zikiona mzigo ni mdogo, zinajizima. Watu wanalala, televisheni imezimwa, AP peke yake haitoshi kuiamsha. Iondoe hali hiyo.

*Mawimbi yamejaa, intaneti inatambaa.* Soma kasi kwenye mipangilio ya AP. Ikionyesha Mb 10 au 100 wakati inapaswa kuwa 1,000, kuna waya mmoja haukushika kwenye kichwa. Kata, bana upya.

*Kila kitu kijani, simu zimeshika, lakini hakuna kinachofunguka.* Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta, bila kupitia AP. Ikiwa nako hakuna kitu, kabla ya kuniita nipande mlima hadi kwako na ngazi begani, angalia forfe (kifurushi chako cha intaneti). Mwezi uliopita nimepanda mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa imeisha tangu asubuhi.